Kazimili na Jiwe la Ng'ombe

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Nyabusozi, wenye ng'ombe na wasio na hata kuku, kwamba mwezi wa tatu mwaka huu shughuli za ndoa katika boma la Mzee Kazimili Maduhu, mwenye umri wa miaka sitini na nane, zilisimama bila taarifa rasmi. Zilisimama shughuli tu, kingine hakikusimama.

Mkewe, Christina, mama Kulwa, alivumilia wiki sita za visingizio: mgongo, mvua, pamba, mgongo tena. Kisha akabeba blanketi lake akahamia nyumba ya jikoni.

"Nenda kwa huyo wako wa Nyakisasa," alisema.

Wa Nyakisasa hakuwepo. Kazimili angefurahi sana awepo, angalau ingekuwa kesi ya mwanaume. Ukweli hakuutoa, ila aliapa: blanketi lile litarudi kitandani kabla ya mvua za kupandia.

Mfugaji hutibu kwa anachokijua. Mwaka jana dume lake zee lilikuwa limepoa mpaka mitamba wanalidharau. Bwana mifugo akaliandikia jiwe la chumvi la kulamba, na baada ya mwezi likawa linaruka uzio. Kazimili akalitazama dume, akajitazama. Akavunja kipande cha jiwe, akakificha chini ya mto, akawa analamba asubuhi na jioni kwa nidhamu ambayo katekista hajawahi kuiona kwake.

Akapata kiu, kichwa kikagonga, na kitanda kikabaki kipana vilevile. Siku alipopepesuka zizini, alipakiwa kwenye pikipiki hadi zahanati, akaketishwa mbele ya nesi Adventina, binti wa umri wa wajukuu zake. Mlango ulikuwa wazi, na nje kulikuwa na foleni ya kina mama wenye watoto.

"Shikamoo babu. Unasumbuliwa na nini?"

"Marahaba. Kichwa."

Presha ilisoma mia na tisini kwa mia na kumi.

"Babu, chumvi unakula?"

"Kidogo. Ya ng'ombe."

Nesi akaweka kalamu chini. "Ya ng'ombe kwa nini?"

Hapo angeweza kudanganya. Akalikumbuka blanketi. Akakaa wima na kusema kwa sauti ya kuitia ng'ombe: "Mjukuu wangu, uume wangu hausimami tangu mwezi wa tatu, na mama Kulwa amehama!"

Foleni ililipuka. Adventina akafunga mlango.

"Waache wacheke, waume zao wanaficha hayohayo. Presha inaharibu mishipa, damu haifiki inakotakiwa. Tutapima na sukari, utaonana na daktari, vidonge usiache. Na hilo jiwe mrudishie ng'ombe mwenyewe. Mama umemwambia?"

"Bado."

"Leo."

Alimwambia siku hiyohiyo, amesimama mlango wa jikoni, kofia mkononi.

"Yaani baba Kulwa, umeona bora ulambe jiwe kuliko kusema na mimi?"

"Ndiyo."

"Mwanaume mjinga wewe. Kaa ule."

Ikafuata miezi minne ya vidonge, ya kwenda kisimani kwa miguu, ya mchicha usio na ladha. Hakuruka hata siku moja. Wiki moja kabla ya mvua, blanketi la Christina likaonekana limeanikwa mbele ya nyumba kubwa, na kijiji kikasoma tangazo.

Mnadani wazee wakamzingira. Ansbert, mwenye wake wawili na wasiwasi wa watatu, akamshika mkono.

"Nkoi, rafiki yangu, usitunyime. Ni mzizi gani? Wa huku Bisibo au wa ng'ambo, Burundi?"

Wakainama wote kumsikiliza.

"Nimeacha chumvi," akasema Kazimili.