Faranga za Amana

Mwajabu binti Gharibu ni mwoga. Nasema hivyo nikimpenda, maana duka lake na langu hapa sokoni Kasulu yametenganishwa na ukuta wa mbao tu, na mara nyingi nausikia uoga wake kabla sijamwona mwenyewe. Pikipiki ikisimama ghafla, anashtuka. Mtoza ushuru akitokea, anamlipa kabla hajaulizwa, kisha anatetemeka kama aliyekwepa.

Zamani alikuwa na meza ya kubadilisha fedha. Watu walikuja na faranga za Burundi kwa njia ya mpakani Munanila, wakaondoka na shilingi. Serikali ilipokaza masharti ya leseni, wenzake walibaki wakibishana. Yeye alikuwa ameshaikunja meza na kuanza kuuza chumvi na mawese. Lakini bei hazikumtoka kichwani. Mwulize mwaka aliotahiriwa mwanawe Hashimu faranga elfu moja ilinunua shilingi ngapi, atakujibu huku akipima chumvi. Watu wenye madeni ya zamani ya ng'ombe humfuata wakitaka kujua bei ya mwaka fulani, na jibu lake huwapatanisha.

Kilichobaki cha biashara ile ni sanduku la bati chini ya kitanda chake. Wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, wakihofia wezi na moto, walimpa fedha zao azitunze. Marehemu baba yake, Mzee Gharibu, mtu wa Pangani, alikuwa amemwapisha kuhusu amana: haiguswi, haibadilishwi, mwenyewe akija apewe noti zilezile alizoleta. Basi kila mtu alifunga fedha yake kwa kitambaa chake, akapiga fundo mwenyewe, na Mwajabu hakuthubutu kufungua fundo la mtu.

Mwaka 2019 alikuja Apoline, mama wa Kirundi, mjane, na faranga milioni moja. Kaka yake alikuwa amemuuzia watu fungu lake Apoline la shamba la baba yao kule Makamba, Burundi, akamtumia fedha. Siku hiyo faranga elfu moja ilinunua shilingi mia nane hapa sokoni. Nilimshauri achukue shilingi. Akakataa, akasema mavuno yajayo atakuwa kwao, na shamba la kwao halinunuliwi kwa shilingi. Alitaka kurudi akanunue kipande cha kujengea nyumba. Akapiga fundo, akaondoka.

Mavuno yakapita, na mengine yakapita. Faranga ikashuka hadi mia saba, hadi mia sita. Mwajabu alikuwa ananitajia kila iliposhuka, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja homa ya mtoto. Kisha mwaka 2023 redio ikasema Burundi inaondoa noti zake kubwa, na muda wa kuzirudisha benki haufiki wiki mbili.

Nilimwambia, "Fungua, shoga. Mpe mtu mwaminifu avuke nazo."

"Si zangu, Mwanaheri. Nikifungua bila ruhusa yake, mimi ni mwizi."

"Basi mpigie."

Simu ya Apoline haikupatikana. Kambini huingii bila kibali, kibali hutolewa ofisini, na Mwajabu anaogopa ofisi kuliko nyoka. Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka. Alikaa na fundo lile mapajani, analishika, analiachia, mpaka muda ukaisha na noti zikafa ndani ya kitambaa.

Tangu hapo hofu yake ilikuwa moja. Mwanamke yeyote wa Nyarugusu akitokea upande wa stendi, Mwajabu alijificha nyuma ya magunia akaniacha mimi niwauzie wateja wake. Alikonda. Aliniambia haogopi kutukanwa. Anaogopa siku atakayoulizwa na Mungu amana ya mjane iko wapi, naye ajibu, ipo, lakini ni karatasi.

Mwaka huu tukasikia mabasi yanawarudisha Warundi kwao. Asubuhi moja Apoline akasimama mlangoni. Mwajabu hakupata nafasi ya kujificha.

"Mwakeye, Mama Hashimu. Jina langu limetoka. Kesho napanda basi."

Mwajabu alikwenda nyumbani akarudi na kitambaa. Apoline akafungua fundo lake mwenyewe, akatazama zile noti, akatazama tena.

"Hizi ndizo zilezile?"

"Zilezile, dada. Sikugusa hata moja."

Apoline akakaa juu ya gunia, akamwita Mungu kwa Kirundi. "Yoo, Mana yanje! Nilisikia kwenye redio. Wenzangu kule kambini walilia usiku kucha. Mimi nililala. Nilisema zangu ziko kwa Mama Hashimu, huyo anajua pesa, huyo ameshabadilisha."

Mwajabu alilia bila sauti, kisha akafuta uso kwa mtandio, akaingia ndani akatoka na mkoba wa fedha ya kununulia mawese Kigoma. Nikajua anachotaka kufanya, nikaogopa kwa niaba yake.

"Bei ya leo ni mia tatu na hamsini," nilimnong'oneza. "Mpe hiyo. Hata hiyo ni huruma."

"Hakunipa leo," alisema. Akahesabu laki nane, bei ya siku ile, akazifunga ndani ya kitambaa kilekile. Zile noti zilizokufa zikabaki juu ya meza. Apoline alimkumbatia, akaondoka haraka, akihofia pengine Mwajabu atabadili mawazo.

Nilidhani sasa atapumua. Jioni nilimpelekea uji nyumbani, nikamkuta sakafuni na sanduku lake wazi. Sikuwa nimewahi kuona ndani yake. Lilikuwa limejaa vitambaa, kila kimoja na fundo lake.

"Hizi nazo zimekufa. Hiki cha Léonard," alisema, "mia tisa. Hiki cha Esperance, mia saba na ishirini. Hiki mwenyewe alikufa, wanawe watakuja." Aliendelea kuvigusa kimoja kimoja kwa ncha ya kidole na kutaja bei, hakukosea hata moja. "Mabasi yanaondoka kila wiki, Mwanaheri, na mkoba ni mtupu. Laiti ningekuwa msahaulifu."

Niliuweka uji chini, nikaenda kufunga mlango kwa ndani.