Kutibu si Kuponya

Dada yangu alikuwa mkalimani hospitalini, na nyumbani tulimwita Kasuku. Jina alilipata kwa haki. Mkalimani hasemi "daktari anasema". Anasema "mimi". Daktari mgeni akieleza kwa Kiingereza kwamba atapasua goti, dada anamwambia mgonjwa, "Nitalipasua goti lako." Mgonjwa akisema anaogopa kufa, dada anamgeukia daktari na kumwambia kwa Kiingereza, "Naogopa kufa." Sauti haipandi wala haishuki. Kutwa nzima anakufa kwa niaba ya watu, jioni anarudi kuchambua mchele.

Alichokuwa mkali nacho ni maneno yanayofanana. Sisi wa Kiingereza cha kuombea kazi tulidhani "treat" na "cure" ni pacha. Atakukatiza tonge likiwa mdomoni: "Treat ni kutibu. Cure ni kuponya. Mtu anaweza kutibiwa miaka na asipone." Na ole wako useme "hope" ni kutarajia. Anayetarajia ana sababu, alisema, anayetumaini ana moyo tu. Nilimtania kwamba ndiyo maana hakuolewa: mchumba alimwambia anampenda, naye akataka kujua ni "like" au "love". Hakucheka, wala hakukasirika. Nadhani alishakufa ganzi zamani, ila hatukumuuliza.

Kisha Mama akaugua ini. Alituapisha mapema: "Kama siponi, nirudisheni nikalale kitandani kwangu." Mimi nilitaka abaki wodini, kwenye dripu na manesi. Niliogopa afie mikononi mwangu, huo ndio ukweli.

Mkalimani haruhusiwi kumkalimania ndugu yake, lakini siku ya kupokea majibu ya Mama mwenzake alikuwa likizo na hapakuwa na mwingine. Nilimvuta dada ukumbini.

"Sema tu atapona. Neno moja. Nani atajua?"

"Siwezi kusema ambacho hakijasemwa," alinijibu, kama mtu anayekwambia duka limefungwa.

Tukaingia wodini, naye akaketi nyuma ya bega la Mama, mahali pa mkalimani, ili mgonjwa na daktari watazamane wenyewe. Feni ilikuwa inazunguka kwa kukwama. Daktari alisema maneno machache, macho kwenye mikono yake.

"Nitakutibu," dada akasema. "Dawa zitapunguza maumivu. Kukuponya siwezi. Natumaini utapata miezi kadhaa."

Nilimchukia pale pale. Mama alikunja ncha ya shuka, akaikunjua. Halafu, bila kugeuka, akauliza:

"Na wewe, mwanangu, unasemaje?"

Dada akainua uso, akamtafsiria daktari swali lile, neno kwa neno.

Daktari alishtuka. Nadhani hakuwahi kuitwa mwana na mgonjwa. Alivua miwani, akajibu kwa sauti ya chini.

"Ningekuwa mwanao," dada akasema, "ningekupeleka nyumbani."

"Sikumuuliza yeye," Mama akasema.

Dada akafungua kinywa. Alikuwa ameshaanza kuligeuza na hilo kwa Kiingereza nilipomshika bega.

"Kasuku, basi."

Alitutazama kama mtu aliyeamshwa katika chumba asichokijua. Daktari akavaa miwani yake, akatoka.

Tulimrudisha Mama siku hiyo hiyo. Sikubisha tena. Dada alitandika kitanda, akapanga mito miwili, akaweka maji karibu. Alifanya yote vizuri, na uso wake haukusema kitu. Alipoinama kumfunika miguu, Mama alimshika kifundo cha mkono.

"Bado hujanijibu."

Dada akabaki ameinama vile vile.

"Naogopa," akasema.

Sauti haikupanda wala haikushuka. Ilikuwa sauti ile ile ya kazini, na nilijikuta nikitazama chumbani kumtafuta mtu aliyelisema kwanza. Hapakuwa na mtu mwingine.