Mguu wa Kanga kwenye Kompyuta ya Pudensiana

Wewe unayedhani hifadhidata ni mambo ya Dar es Salaam, umewahi kukanyaga msitu wa Ugalla? Njoo. Nitakuonyesha mwanamke aliyeijenga mwenyewe, kwenye chumba kinachonukia nta.

Anaitwa Pudensiana. Baba yake alirina asali katika msitu huu, na yeye ana mizinga yake. Alianza kwa kuchapa barua za watu dukani Kashaulili, Mpanda mjini, akajifunza kompyuta, kisha akarudi kijijini kuwa katibu wa kikundi chetu cha wafugaji nyuki. Alikuta daftari lenye madoa ya asali, limeliwa na mchwa. Akahamishia kila kitu kwenye jedwali la kompyuta. Jedwali nalo likazidiwa: ukirekebisha jina hapa, kule linabaki la zamani. Basi akajenga hifadhidata inayokaa mtandaoni. Mrinaji, mzinga na ndoo, kila kimoja kina mahali pake, na vyote vinajuana. Mnunuzi akiwa Arusha akitaja ndoo, Pudensiana anabonyeza simu na kumwambia asali ilitoka mti gani. Mambo haya nimeyasomea chuoni, na nasema kifua mbele: najivunia kuzaliwa alikozaliwa yeye.

Huku kwetu kila mrinaji ana alama anayoichonga kwenye mizinga, na kwenye chochote kilicho chake: mpini, kigoda, mlango. Majina yanajirudia; msituni mtu anajulikana kwa alama. Kwa hiyo Pudensiana aliiamuru kompyuta iwatambue watu hivyo hivyo. Alama moja, mtu mmoja.

Siku ya kusajili wanachama, mzee Isidori aliingizwa kwa alama yake ya mguu wa kanga. Nyuma yake alisimama mdogo wake Melkiadi, ambaye wote tunamwita Baba Sikujua. Kompyuta ikamkataa. Alama hiyo ina mwenyewe.

"Ni ya baba yetu," Melkiadi akasema. "Alituachia wote wawili."

"Hii kompyuta ina wivu kuliko mke mkubwa!" akadakia Masele, mwenyekiti wetu, Msukuma asiyeishiwa utani. Watu wakaangua kicheko. "Baba Sikujua, si uongeze kamstari kamoja tu yaishe?"

Melkiadi hakucheka. "Masele, mzinga usio na alama ya baba yangu ni mzinga wa mwizi." Akamgeukia Pudensiana. "Binti yangu, kama kikundi hakinijui, asali yangu nitawauzia walanguzi wa barabarani."

Akafunga ndoo yake kwenye baiskeli, akaondoka. Isidori naye akainuka. "Akitoka mdogo wangu, na mimi natoka."

Kicheko kikakatika. Hakuna wenye mizinga mingi kuwazidi ndugu hao. Bila wao tusingejaza mzigo wa mnunuzi, na kikundi kingekufa.

"Mwandikie alama nyingine humo ndani," Masele akanong'ona. "Atajuaje?"

"Nimdanganye mtu kuhusu alama ya baba yake?" Pudensiana akawaka. "Mwenyekiti, kompyuta haikuzaliwa Ugalla. Sisi ndio tumezaliwa hapa. Ndiyo itakayobadilika!"

Mifumo mingapi nchi hii imewaambia wananchi wabadilike wao? Pudensiana alikaa kwenye kiti mchana kutwa. Akampa kila mrinaji namba ambayo kompyuta inaitunga na kuitunza yenyewe, bila mtu kulazimika kuikariri. Alama ikawa kitu ambacho mtu anacho, na ndugu wanaweza kuwa nacho pamoja. Kisha akaunganisha upya kila mzinga na kila ndoo. Jua linazama akamtumia Melkiadi ujumbe: "Baba Sikujua, njoo kesho uone."

Kesho yake asubuhi nilikuwa naosha ndoo nje ya ofisi nilipowaona wazee wawili wakija, Melkiadi akikokota baiskeli, ndoo yake nyuma. Pudensiana akawageuzia kioo cha kompyuta. Miguu miwili ya kanga, mmoja juu ya mwingine: Isidori na mizinga yake, Melkiadi na mizinga yake.

"Imekubali?" Melkiadi akauliza.

"Imekubali, baba."

Melkiadi akachomoa kisu kiunoni, akaenda mlangoni, akaanza kuchonga mguu wa kanga kwenye mlango wa ofisi yetu, huku kaka yake akiushikilia usitikisike.