Somebody wa Geti ya Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini, Supavaiza hakuanza na geti. Alianza na kitabu cha matukio, kile ambacho askari wa zamu huandika kila kitu kinachotokea, kwa Kiingereza. Mimi niliishia kidato cha pili, lakini kichwani nilikuwa tayari meneja.

"Kijana, usiogope Kiingereza," akaniambia. "Mtu humjui, andika somebody. Hakuna mtu amepita, andika nobody. Na ikishaandikwa, haifutwi."

Ilikuwa godauni ya ngozi, upande wa Kinanie. Wenzangu walinifundisha ile Supavaiza hakusema: mwenzako akikosea, akilala au akichelewa, unaandika somebody. Somebody slept. Somebody came late. Ndiyo ilikuwa heshima yetu, na miaka minane niliipenda sana.

Halafu mchana mmoja Kalekye, mwenzetu wa zamu, alikimbiza mtoto wake hospitalini, akasahau kufunga geti ya nyuma. Ngozi zikaibwa. Nikaandika: Somebody left the back gate open.

Meneja akasoma, akatuita wote watatu. "Somebody ni nani?"

Akasubiri, kisha akafunga kitabu.

"Sawa, nitamtafutia jina." Akamgeukia Mzee Kilonzo, mwenzetu wa tatu, aliyebakisha mwaka mmoja astaafu. "Wewe ndiye wa kusinzia. Rudisha yunifomu."

"Mkubwa, mimi nilikuwa geti ya mbele."

"Nani alikuona?"

Mimi nilimwona. Lakini ningesema hivyo, swali lingemfuata Kalekye, na analea watoto watatu peke yake. Kalekye alitazama viatu vyake. Mimi nikatazama kitabu.

Kesho yake kalamu ilinishinda, nikarudisha yunifomu yangu pia. Ndiyo nimestaafu hivyo, nikiwa na umri wa miaka thelathini na moja. Nyinyi mnaoingia kazi hii mnaniuliza ningefanya nini tofauti. Nimefikiria mpaka nimechoka. Kila njia iko na mtu anaumia.

Mwezi jana nilienda kwao Mwala kumwambia Mzee ukweli, kwamba nilimwona geti ya mbele na sikusema. Nilimkuta akichunga mbuzi za watu. Akaniletea kiti kabla sijafungua mdomo, akamwita mkewe.

"Mama Mwende, kuja usalimie huyu. Wote waliniangusha, lakini huyu alikataa kuandika jina yangu."

Mama akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema Mungu anibariki. Nikakaa, nikanywa chai yao.