Mama mkwe aliikamata "hirizi" yangu sebuleni, ilipofunguliwa nikatamani ingekuwa hirizi kweli

Wakuu, habari za humu. Naandika haya mke wangu akichungulia begani kwangu, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sina nafasi.

Ninaishi Ngokolo, Shinyanga mjini, lakini riziki yangu iko Geita kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Nikipata upenyo narudi nyumbani kupumzika.

Sasa kwa usafi nilikuwa kero. Nikifika, kabla sijapewa hata pole ya safari, napitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi. Mke wangu, Mama Kabula, alishanibatiza Bwana Afya. Na mimi nilifurahi, nikidhani nasifiwa.

Shida ikaja kwa binti yetu Kabula, ambaye ndiyo kwanza anatambaa.

Kila nikirudi, anaharisha. Nikiondoka, anapona.

Kwanza tukasema ni meno. Halafu tukasema ni maji. Zahanati walimpa dawa, wakauliza kama nyumbani tunanawa mikono. Nikajibu kifua mbele, "Kwangu? Mje mkague!"

Wa Kanda ya Ziwa mshaona hesabu inaelekea wapi. Mwanaume anashinda kwenye dhahabu, juzi juzi kanunua TV kubwa, na mtoto anaugua kila baba akikanyaga mlango. Majirani walishahitimisha: jamaa ana dawa ya utajiri, na sharti lake ni mtoto.

Habari ikamfikia mama mkwe huko Ibadakuli. Akaja na begi lake. Mke wangu akaninong'oneza jikoni, "Mama amesema anakuchunguza. Akiona kitu, ananichukua mimi na mtoto."

Wakuu, niliumia. Na niliogopa. Ukishatuhumiwa jambo kama hilo huku kwetu, utajitetea kwa nani?

Kwa wasiojua, kwetu Wasukuma mkwe na mama mkwe hawakai wakitazamana. Akija, unamwamkia kwa mbali umeinamisha macho, halafu unajitafutia kazi nje. Huyu alivuta kigoda, akaketi sebuleni mbele yangu, akanikazia macho. Shikamoo nilitoa, marahaba ilikuja imepoa kabisa.

Jumamosi mchana kukawa na mechi.

King'amuzi nalipia nikiwepo tu (ubahili wangu tuuache kwa leo). Nikiwa Geita, TV ni pambo. Kwa hiyo nikaiteremsha rimoti kutoka juu ya kabati, nikakaa.

Hapa naomba muwe wapole. Rimoti yangu ilikuwa bado kwenye nailoni yake ya dukani, isiingie vumbi. Nailoni ilipochanika, niliongeza nyingine juu yake, nikaifunga kwa mpira. Ilikuwa marufuku mtu mwingine kuishika.

Isipokuwa Kabula. Yeye akinipandia magotini, nashika rimoti upande mmoja, yeye anatafuna upande wa pili. Anatulia hadi mapumziko. Nilijiona baba bora.

Mama mkwe akasimama.

"Baba Kabula, hicho ni nini?"

"Rimoti, mama."

"Rimoti gani inafungwa na mpira, inawekwa juu, haishikwi na mtu, ila mjukuu wangu tu ndiye anailamba?"

Alivyoipanga hivyo, hata mimi nikaanza kujishuku.

"Mayu, ni rimoti kweli," mke wangu akamwambia mama yake. "Ila hata mimi hajawahi kuniruhusu kuishika."

Asante sana, mke wangu. Ulinisaidia mno.

"Ifungue," mama mkwe akasema.

Nikakataa! Na sababu niliyoitoa, wakuu, mpaka leo inanifuata: "Mama, nikiifungua itaingia uchafu."

Basi nilijimaliza mwenyewe. Mama akafunika mkono kwa pindo la kanga, dawa isimshike, akaninyang'anya, akaiweka kwenye sinia na kuchana nailoni kwa kisu.

Harufu ndiyo ilitoka kwanza, kama mtindi uliosahauliwa kwenye jua. Kati ya nailoni na nailoni kulikuwa na ugali mkavu, magamba ya samaki, na mate ya mtoto yaliyogeuka utelezi. Kwenye vitufe kulikuwa na weusi wa grisi ya Geita. Maana mimi hula huku natazama, na chaneli nabadilisha kwa mkono ule ule.

Mama mkwe akaitazama rimoti, akanitazama mimi.

"Afadhali ungekuwa na dawa, baba. Dawa ina mganga wa kuitegua. Huu uchafu tumpelekee nani?"

Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. "Bwana Afya!"

Mechi sikuiona. Nilitoa betri, nikapangusa rimoti kwa kitambaa na spiriti, mama mkwe akisimamia. Akanionyesha kwa kidevu swichi za taa, kitasa cha choo, na dodoki la vyombo linalonuka. Halafu mkono wa birika la kunawia, ambao kila mtu anaushika kabla hajanawa! Mwisho akaonyesha simu yangu. Alishaona naingia nayo chooni.

Kesho yake nilimpeleka Kabula zahanati, nikasema yote bila kuficha. Nesi alisema hawezi kuapa kuwa ni rimoti peke yake, ila chochote mtoto anachotia mdomoni kioshwe kama kijiko chake. Tangu hapo nimerudi nyumbani mara kadhaa, na tumbo la binti limetulia.

Mama mkwe aliondoka peke yake. Nilimbebea begi hadi kwenye bodaboda, macho chini, na nusura nilie kwa furaha.

Nilichojifunza: kufunika kitu siyo kukisafisha. Vumbi la kabatini halikumdhuru mtu, ila nililipigia kelele kwa sababu lilikuwa la mwenzangu. La kwangu nililifunga na mpira.

Siku hizi mama mkwe akipiga simu, akishaitikia shikamoo swali lake ni moja: "Hirizi umeiosha?"

Haya, karibuni mnicheke. Ila wewe mwenye rimoti kwenye nailoni, nenda kainuse kwanza, ndiyo uje ucomment.