Mama Shazia na Mbolea ya Ruzuku

Walimwita Mama Shazia kwa sababu ya shazia yake, ile sindano nene ya kushonea magunia, ambayo haikumtoka kichwani. Asubuhi aliichomeka kwenye kilemba, akaitoa wakati wa kulala. Alishona magunia ya wafanyabiashara wote wa soko lile, na mshono wake ulijulikana: wa karibukaribu, fundo la mwisho limefichwa ndani, asijue mtu mwingine lilipo. Mvua zikianza alikuwa mkulima kama majirani zake, na hapo ndipo balaa lilipomkuta.

Mwaka ule serikali ilitangaza mbolea ya ruzuku kwa wakulima wadogo. Akajiandikisha mapema, akapanda, mvua ikanyesha vizuri. Mahindi yalipofika magotini yakaanza kugeuka manjano. Yalitaka mbolea wiki ileile, la sivyo yangebaki mabua matupu, na nyumbani kulikuwa na mama mkwe asiyeona na wajukuu wawili, wote wakimtazama yeye. Akaenda kwa bwana shamba.

"Mbolea imekwisha, mama," bwana shamba akasema, bila hata kumkaribisha kiti.

"Imekwishaje, nami sijaona hata punje?"

"Wakulima wamechukua."

"Wakulima gani hao? Mtaa wetu mzima hatujapata!"

"Mama, usinipandie kichwani. Njoo mwakani."

Mwakani! Kana kwamba njaa nayo hungoja mwakani.

Kesho yake akaitwa kushona viroba kwenye ghala la tajiri mwenye duka la pembejeo, ambaye alikuwa shemeji wa bwana shamba. Akakuta mbolea imemwagwa sakafuni kama kifusi, wapagazi wanaichota kwa koleo na kuitia kwenye viroba vyeupe visivyo na maandishi. Pembeni kulikuwa na rundo la mifuko mitupu iliyosubiri kiberiti, na kila mmoja una mhuri: MBOLEA YA RUZUKU. HAIUZWI.

"Tajiri, hii si ndiyo mbolea yetu?"

Tajiri akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Yenu na nani? Mimi pia ni mkulima. Mke wangu mkulima, dereva wangu mkulima, hata mlinzi wangu yule mkulima. Sote tumejiandikisha. Wewe shona."

Mkulima, mtu asiyejua jembe linashikwa wapi! Mama Shazia akashona, meno yameumana, maana chakula cha siku ile kilikuwa kwenye ujira huo. Alijichukia kwa kila mshono. Lakini alipotoka alikuwa amefutika mfuko mmoja mtupu ndani ya nguo, na hakupita kwingine mpaka ofisini kwa mkubwa wa bwana shamba. Mkubwa akaupokea ule mfuko, akaugeuzageuza, akamshukuru sana kwa uzalendo wake.

"Na mbolea je, mheshimiwa?"

"Linashughulikiwa, mama."

Wiki ikaanza kuyoyoma, mahindi yakazidi kupauka. Basi akakusanya vijisenti vyake, akaenda dukani kununua kwa bei ya tajiri, liwalo na liwe. Akawakuta majirani zake na ndoo zao, wamenuna. Viroba vyeupe vilikuwa vimepangwa hadi mlangoni, vyote kwa mshono wake.

"Bei imepanda," tajiri akatangaza, huku akimkazia macho. "Kuna mdomo ulikwenda kusema ofisini. Sasa biashara ina hatari, na hatari nayo inalipiwa."

Kumbe kushughulikiwa kwenyewe ndiko huko. Mama Shazia alisikia damu ikimpanda mpaka masikioni. Akapeleka mkono kwenye kilemba, akachomoa shazia, akainama kwenye kiroba cha kwanza, akalitafuta fundo lake mahali alipolificha. Akalivuta mara moja. Mdomo wote ukaachia, mbolea ikamwagika miguuni pake.

"We mwanamke, una wazimu?"

"Kushona ulinilipa," akasema, tayari ameshika kiroba cha pili. "Kufumua nafumua bure."

Kisha akawageukia majirani zake.

"Mnangoja nini? Leteni ndoo."