Msomaji wa Mamboya Niliyemtoa Kundini

Leo nimemfukuza bibi wa watu kundini, na sijui nijifiche wapi.

Ni lile kundi letu la mtandaoni, tunapoandika kwa zamu mwendelezo wa mchezo wa redio ulioisha. Asubuhi, kwa hasira, niliwatoa wote wasioandika.

Mchana simu ikaita.

"Nani?" nikafoka.

"Hujambo, mjukuu?" ikajibu sauti ya bibi mzee.

Nikashtuka. "Shikamoo."

"Marahaba. Mimi mwalimu mstaafu, niko Mamboya. Huwa nanakili hadithi yenu kwenye daftari, nawasomea wenzangu tukipukuchua mahindi. Mbona umenitoa?"

Nikamrudisha hapo hapo. Akatuma picha za daftari.

Ukurasa wa mwisho hatukuuandika sisi.

"Mlichelewa," akaniambia. "Wenzangu walinisumbua, nikaendelea mwenyewe."

Zamu yangu ya kesho nimempa. Nani ana ubavu wa kuandika baada yake?